Nilikwenda Kuweka, Si Kukopa

Wako watu wengi hapa Mombasa wanaofanya biashara halali, wana wateja wa kudumu, kibali cha kaunti kimetundikwa ukutani, na bado hawathubutu kuingia benki. Ukiwauliza sababu watakujibu kwa herufi tatu: CRB. Waliwahi kushindwa kulipa mkopo, wakaorodheshwa, na wanaamini kwamba mtu akishaandikwa huko basi benki zote zimemfungia mlango. Mimi niliishi na imani hiyo zaidi ya miaka miwili. Leo nina akaunti ya biashara, imefunguliwa kwa jina la biashara yangu, na niliifungua wakati historia yangu ya mikopo ikiwa bado mbaya. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu nilipokwama nilitafuta mtu wa kunieleza nikamkosa.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu kubwa ilikuwa ya mahoteli: mashuka, foronya, mapazia, vitambaa vya meza, sare za wahudumu na za wapishi. Kitambaa nikikinunua Biashara Street kwa jora, nakipakia kwenye tuktuk hadi Kisauni, ambako nilikuwa nimekodi chumba cha kazi karibu na barabara. Tulikuwa tunashona mimi na wasichana watatu niliowafundisha mwenyewe, wawili kati yao wamekuja kwangu hawajui hata kutunga uzi. Mwaka 2018 nilichukua mkopo wa Sh350,000 benki ili ninunue cherehani za umeme na ovaloki. Mkopo uliandikwa kwa jina langu, kama ilivyo kwa wafanyabiashara wengi wadogo. Pesa za mahoteli ziliingia katika akaunti yangu ya kawaida na marejesho yalitoka humo humo. Mwaka mzima na zaidi nililipa kila mwezi kwa tarehe yake.

Oktoba 2019 hoteli moja ya pwani ya kaskazini ilinipa oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Walitaka mashuka na mapazia mapya kabla ya wageni wa Desemba. Tulikesha. Mzigo ulifika kwa wakati, ukapokewa, ukatiwa saini, na makubaliano yalikuwa malipo ndani ya mwezi mmoja. Novemba ikapita. Desemba hoteli ikajaa wageni wanaolala juu ya mashuka yangu, na mhasibu ananiambia hundi iko mezani kwa mkurugenzi. Januari akaacha kupokea simu. Kila shilingi niliyokuwa nayo ilikuwa imeingia katika kitambaa cha oda ile, kwa hiyo benki nayo haikupata kitu.

Kenya mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbovu, na benki hupeleka taarifa zake kwa mashirika yanayotunza historia za wakopaji. Ndiyo hayo tunayoyaita CRB. Wakati huo Benki Kuu ilikuwa imeyapa leseni matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ujumbe wa kunionya uliingia kwenye simu yangu Februari 2020, na mwezi Machi nikaandikwa.

Wasomaji wanakumbuka Machi ile. Tarehe 13 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Ndani ya wiki chache mahoteli kuanzia Diani hadi Watamu yalikuwa yamefungwa, wafanyakazi wamerudishwa makwao. Kuanzia tarehe 8 Aprili hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi, na Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Mume wangu alikuwa dereva wa magari ya watalii. Nyumba yetu ilipoteza riziki mbili kwa mpigo mmoja.

Serikali haikukaa kimya, na nataka kusema ukweli juu ya hilo. Tarehe 18 Machi Benki Kuu iliziruhusu benki kuwapangia upya wakopaji walioathirika. Lakini nafuu ile iliwekewa sharti: mkopo uwe ulikuwa unalipwa sawasawa hadi tarehe 2 Machi. Wangu ulikuwa tayari umelala tangu hoteli ilipokataa kunilipa. Aprili zikatoka kanuni mpya za CRB, pamoja na agizo kwamba mikopo itakayoharibika kuanzia tarehe 1 mwezi huo isiorodheshwe kwa miezi sita. Mimi niliandikwa Machi. Nafuu zote mbili zilinipita kwa wiki chache tu, na nilizitazama zikipita nikiwa nimekaa juu ya kigoda jikoni, watoto wako nyumbani, shule zimefungwa.

Barakoa ndizo zilizotulisha. Wasichana wangu walikuwa wamekwenda kwao, nikabaki na cherehani moja niliyoileta nyumbani, nashona usiku, mume wangu anatembeza mchana. Ili ninunue kitambaa na lastiki za mwanzo nilichukua mkopo wa simu wa Sh3,000 kwa kampuni moja ya mtandaoni. Siku ya kulipa ilipofika sikuwa na pesa yote, nikalipa nusu. Basi wakaanza kupiga simu kwa watu waliokuwa kwenye simu yangu. Walimpigia mama mkwe. Walimpigia mzee wa kanisa. Walimpigia mteja wangu wa zamani aliyekuwa ameniahidi kazi mambo yakitulia. Kila mmoja aliambiwa kwamba mimi ni mwizi. Kanuni za Machi 2022 zinazosimamia wakopeshaji wa mtandaoni zimekataza mambo hayo, kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji na kumtukana au kumtisha, na nazishukuru kwa niaba ya wanaokopa leo. Mwaka 2020 hapakuwa na wa kuwazuia. Nililipa mkopo ule hadi shilingi ya mwisho, nikahifadhi jumbe za M-Pesa. Hifadhi zile zilikuja kunifaa.

Lakini deni lenyewe mtu hulizoea. Kinachomaliza nguvu ni kujiona umeandikwa mahali ambapo wakubwa wote wanaweza kusoma. Nikipita mbele ya benki nilivuka barabara. Binti yangu alipoomba kazi ya muda akaambiwa alete cheti cha CRB, nililia nikidhani jina langu limemharibia na yeye, mpaka alipoonyeshwa kwamba kila mtu husomwa kwa nambari ya kitambulisho chake mwenyewe. Katika chama chetu cha akina mama sikugombea tena uweka hazina. Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe, na wako wengi wanaojikataza hivyo sasa hivi, nawajua kwa majina.

Mahoteli yalianza kufunguka polepole. Mwaka 2021 hoteli ile iliyokuwa ikinidai uvumilivu ikapata uongozi mpya, na meneja aliyekuja aliziona stakabadhi zangu zenye saini ya kupokea mzigo akakubali kunilipa kwa mafungu. Fungu la kwanza lilipoingia nilikwenda moja kwa moja benki iliyonikopesha. Afisa wa mikopo, mwanamke wa makamo, alinipokea vizuri. Tukapanga upya, kiasi kidogo kila mwezi, na sehemu ya adhabu wakaiondoa. Juni 2022 nikamaliza. Nikapewa barua inayosema sidaiwi. Nilitoka na barua ile nikiwa naimba, mtu mzima, katikati ya Moi Avenue.

Niliamini yamekwisha.

Miezi michache baadaye shule moja ya binafsi ng'ambo ya kivuko, Likoni, ilinitafuta. Januari 2023 wanafunzi wa gredi ya 7 walikuwa wanaanza sekondari ya chini kwa mara ya kwanza chini ya mtaala mpya, na shule nyingi zilitaka sare tofauti kwa ajili yao. Walitaka mashati, sketi, suruali na sweta. Sweta sishoni, lakini namjua mfumaji. Tukaelewana bei. Kisha mhasibu akaniambia jambo moja: shule hailipi kwenye simu ya mtu wala kwenye akaunti ya mtu. Inalipa kwenye akaunti yenye jina la biashara, na jina hilo lazima lifanane na lile lililo kwenye ankara. Alisema wakaguzi wao wa hesabu hawakubali vinginevyo. Alinipa muda hadi mwisho wa mwezi.

Jina la biashara nilikuwa nalo. Nililisajili kupitia eCitizen, kwa Idara ya Usajili wa Biashara, miaka ya mahoteli. Nikachukua cheti chake, kitambulisho, PIN ya kodi kutoka KRA, kibali cha kaunti na picha za pasipoti, nikaingia tawi la benki moja mjini, benki ambayo sikuwahi kukopa kwake. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu. Alinijazia fomu yeye mwenyewe kwenye kompyuta, akaniuliza maswali mafupi, akanipa nitie saini. Akangoja. Uso wake ukabadilika kidogo.

“Mama, mfumo umekataa.”

Nikamuuliza umekataa nini. Akasema kuna rekodi. Nikamwonyesha barua yangu ya kumaliza deni. Akaisoma, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema yeye hana uwezo wa kubadilisha uamuzi wa mfumo, labda nijaribu tena baada ya miaka kadhaa. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walisikia.

Nilipotoka pale nilipewa ushauri mwingi, na mwingi wake ulikuwa na sumu. Mtu mmoja alijitolea kunikodisha akaunti ya biashara yake: shule ilipe kwake, akate asilimia kumi, anipe zilizobaki. Mambo haya yanafanyika sana na nayapinga kwa nguvu zangu zote. Pesa ikiingia kwenye akaunti ya mwenzako ni pesa yake machoni pa benki na machoni pa KRA. Akifa leo, warithi wake wataikuta. Akidaiwa, wadai wake wataizuia. Na wewe uliyeshona usiku kucha hutakuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha kwamba ni jasho lako. Nilikataa.

Wengine wakaniambia nisajili kampuni mpya ili jina langu lipotee ndani yake. Ni kweli kwamba kampuni kisheria ni mtu tofauti na mwenye hisa. Biashara ya mtu mmoja kama yangu haina utengano huo: jina la biashara ni mimi, madeni yake ni yangu, na historia yangu ni historia yake. Lakini benki ikifungua akaunti ya kampuni huomba hati ya CR12, na hati hiyo inawataja wakurugenzi na wenye hisa wote. Wanakaguliwa mmoja mmoja. Ningetumia zaidi ya Sh10,000 za usajili kwenda kukutana na jina langu mlangoni.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa kwaya yetu, mstaafu, aliyefanya kazi kaunta ya benki miaka mingi. Nilimweleza yote nyumbani kwake baada ya ibada. Hakuniuliza nimekopa wapi wala kwa nini nilishindwa. Aliuliza, “Mwanangu, pale benki ulikwenda kuomba nini?” Nikasema akaunti. “Akaunti ya namna gani?” Sikuwa na jibu. Akaniambia nilete nakala ya fomu.

Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama. Kijana yule alikuwa ameniwekea alama katika visanduku viwili ambavyo hakuniuliza: kitabu cha hundi na ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo. Labda ndivyo walivyozoea kwa kila mfanyabiashara. “Hii ovadrafti ni mkopo,” akasema. “Na kitabu cha hundi ni ahadi. Ukiandika hundi ikarudi kwa kukosa pesa, hiyo nayo hupelekwa CRB. Kwa hiyo mfumo ulikuwa unajibu swali la mkopo, na kwa swali la mkopo jibu lake ni hilo. Swali lako wewe halikuulizwa.”

Kisha akanieleza jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Unapoweka pesa benki, kisheria wewe ndiye unayeidai benki. Pesa zile wanazitumia, wanazikopesha wengine, na wana wajibu wa kukurudishia ukizihitaji. Hatari iko upande wako. Ndiyo maana Kenya kuna shirika la bima ya amana, KDIC, linalomlinda mwenye amana hadi Sh500,000 benki ikianguka. Kabla ya Julai 2020 kiwango kilikuwa Sh100,000 tu. Wafanyabiashara wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa Imperial Bank, iliyowekwa chini ya usimamizi wa KDIC Oktoba 2015 na wenye amana wakangoja miaka kupata pesa zao. Mtu anayekuja kuweka anaiamini benki. Yeye si mwombaji. Mama yule alilisema hili kwa ukali, akinigonga goti kwa miwani, na mimi nilihisi mgongo wangu ukinyooka kwa mara ya kwanza tangu 2020.

Alinipa kazi ya kufanya kabla ya kwenda benki nyingine. Kwanza nipate ripoti yangu ya CRB na niisome. Kila Mkenya ana haki ya ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika, na watu wengi wameorodheshwa bila kujua nini hasa kimeandikwa. Nikaomba, zikaja kwa barua pepe, nikazichapisha saiba ya mtaani. Moyo ulinipiga. Mkopo wa benki ulikuwa umeandikwa kwamba umelipwa, pamoja na kumbukumbu ya miezi yote niliyochelewa. Hilo nililitarajia. Lakini chini yake katika ripoti mojawapo kulikuwa na ule mkopo wa simu wa Sh3,000, na ulionyesha kwamba sijaumaliza. Nilikuwa nimeulipa miaka miwili nyuma! Kampuni haikupeleka taarifa ya malipo.

Hapa ndipo jumbe za M-Pesa zilipofanya kazi. Niliandika barua ya kupinga kwa shirika la CRB lenyewe, nikaambatanisha taarifa ya M-Pesa yenye tarehe na nambari za miamala, na nikapeleka nakala kwa kampuni. Kanuni zinalilazimisha shirika kuchunguza pingamizi la mteja na kusahihisha palipo na kosa. Nilifuatilia kwa simu, kwa barua pepe, kwa simu tena. Walirekebisha. Nikaomba pia cheti cha kuthibitisha kwamba sidaiwi. Kwa kanuni za 2020 cheti cha mara ya kwanza hutolewa bila malipo. Watu hulipa mawakala wa vichochoroni kwa kitu hiki, wengine wanapewa cheti cha kughushi. Msilipe.

Lililonishtua zaidi lilikuwa maelezo ya miaka. Taarifa mbaya haifutwi siku unapomaliza deni. Hubaki miaka mitano kuanzia siku ya kulipa. Kwangu ni hadi 2027. Yule kijana wa benki alikuwa sahihi kwa hesabu ya mkopo, na kama ningemsikiliza ningekuwa bado nangoja, shule za Likoni zinavaa sare za fundi mwingine. Nilipolielewa hilo niliacha kutafuta jinsi ya kusafishwa. Nikaanza kutafuta jinsi ya kufanya kazi nikiwa nilivyo.

Tawi la pili nililiendea mapema asubuhi, kabla foleni haijajaa. Nilikuwa na bahasha moja. Ndani yake mlikuwa na cheti cha jina la biashara, kitambulisho, PIN, kibali cha kaunti, picha, barua ya benki ya kumaliza deni, ripoti za CRB zilizorekebishwa, cheti, na barua ya oda kutoka shuleni. Sikungoja waikute rekodi. Nilimwambia afisa kabla hajagusa kompyuta: “Niliwahi kuorodheshwa mwaka 2020. Nimelipa, karatasi ni hizi. Siombi mkopo, siombi ovadrafti, sitaki kitabu cha hundi. Nataka akaunti ya biashara ya kuweka na kupokea pesa.”

Alikuwa dada wa umri wa binti yangu mkubwa. Alizisoma karatasi zote, akaninong'oneza, “Ngojea, mama,” akaingia kwa meneja. Dakika zile zilikuwa ndefu. Meneja akatoka mwenyewe, akanisalimu, akaniita ofisini.

Aliniuliza maswali mengi, na nilifurahi kwamba aliuliza. Pesa zitatoka wapi? Kiasi gani kwa mwezi? Wateja ni nani? Ninalipa kodi? Maswali haya huulizwa kila mtu; sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa ya 2009 inazitaka benki zimjue mteja wao na chanzo cha pesa zake. Barua ya shule ilijibu nusu ya maswali yale. Akanieleza kwamba kuorodheshwa kwangu kutabaki kuonekana, kwamba nikiomba mkopo ombi litapimwa kwa historia hiyo, na kwamba akaunti ya kuweka tu anaweza kuidhinisha. Fomu ikajazwa upya mbele yangu. Visanduku viwili vile vikaachwa vitupu, nikavitazama kwa macho yangu. Nambari ya akaunti ilikuja kwa ujumbe wa simu siku chache baadaye, nikampelekea mhasibu wa Likoni kabla mwezi haujaisha.

Tulishona Desemba yote. Wasichana wangu wawili walirudi. Wa tatu ameolewa Malindi na ana cherehani yake. Malipo ya kwanza ya shule yalipoingia, kwenye taarifa yaliandikwa jina la shule upande mmoja na jina la biashara yangu upande wa pili. Nimeitunza karatasi ile.

Tangu hapo mengi yamebadilika kwa jambo dogo hilo. Pesa ya kazi haichanganyiki tena na ya unga na karo, kwa hiyo najua mwezi umeleta faida au hasara. Nimeweza kuomba zabuni ndogo za serikali, zile ambazo asilimia 30 zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Bila akaunti ya biashara nisingekuwa na pa kulipwa. Na taarifa za akaunti zinajenga ushahidi. Tangu kanuni za 2013 benki za Kenya hupeleka CRB mazuri ya mteja pamoja na mabaya, lakini mazuri hayo ni ya mkopo unaolipwa vizuri. Kwa hiyo mwaka jana, baada ya kuwaza sana na kuzungumza na mume wangu, niliomba mkopo mdogo kwa benki hii hii, wa kununulia kitambaa cha oda yenye hati rasmi ya ununuzi (LPO) mkononi. Riba ilikuwa juu kuliko ya wengine kwa sababu ya historia yangu, na walinieleza hivyo wazi. Nimeulipa. Umeandikwa hapo hapo CRB, chini ya ule wa 2018.

Nawaomba maafisa wa matawi, hasa vijana wanaokaa kwenye meza ya kufungulia akaunti. Mtu akija na karatasi zake, muulizeni kwanza anataka kuweka au anataka kukopa, na msimwekee alama asizoziomba. Ikiwa mfumo umekataa, mwambieni umekataa kipi. Yule kijana hakunidhulumu kwa makusudi, namwamini, lakini sentensi yake moja ingeweza kunigharimu miaka mitano ya kazi.

Na wewe uliyeorodheshwa, ambaye pesa zako zote ziko kwenye laini ya simu au kwenye akaunti ya rafiki: omba ripoti yako ya bure wiki hii. Kama kuna deni ulilolipa na bado linaonekana, lipinge kwa maandishi ukiwa na ushahidi wa malipo. Kama bado unadaiwa, nenda kwa aliyekukopesha ukapange kiasi unachokiweza, udai barua kila unapomaliza hatua. Kisha chukua cheti cha biashara yako, kitambulisho, PIN na kibali, ingia benki, na useme kwa sauti kwamba umekuja kuweka pesa. Tawi moja likikataa, nenda jingine.